Nilivyompeleka bibi harusi kwenye jumba la mwami usiku ili tuwakwepe watalii

Wakuu, habari za saa hizi.

Uzi huu nimeuandika nikaufuta mara nne. Mara ya kwanza niliona paragrafu ya pili ni ndefu. Mara ya pili kichwa hakikunipendeza. Mara ya tatu sikumbuki hata sababu. Ndivyo nilivyo, na mtaona huko mbele kwamba ugonjwa huo ndio uliozaa haya yote.

Safari hii naposti ulivyo. Ninayosimulia yalinitokea mimi mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Simsingizii mtu.

Kama kuna makosa ya kuandika, yapuuzeni tu. Hapana, nimedanganya, niambieni, nitarekebisha.

Twende.

Mimi ni wa Bujumbura. Wakati huo vita vilikuwa havijaisha, ila tulishavizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Mchana watu wanakwenda kazini, wanaoana, wanabatiza watoto. Usiku unasikia milio huko vilimani, unasikiliza kidogo ujue ni mbali au karibu, ukiona ni mbali unageuka upande wa pili.

Kulikuwa na couvre-feu. Kipindi hicho ilikuwa saa tatu usiku, kila mtu awe ndani kwake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimepanga chumba kimoja Carama, na kazi yangu ilikuwa kupiga picha za harusi. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada, ambacho baadhi ya kurasa zake zililiwa na panya. Kurasa hizo nilizijaza kwa kukisia.

Mashine ya kukuzia picha niliitengeneza mwenyewe kwa mkebe wa maziwa ya unga na lenzi ya kamera iliyokufa. Picha za rangi nilipeleka labo ya mjini. Za nyeusi na nyeupe nilisafisha mwenyewe chumbani, nimeziba dirisha kwa blanketi, natokwa jasho kama niko jikoni.

Sasa, nilikuwa na jirani anaitwa Goreti, fundi cherehani. Aliolewa na Aimable, kijana aliyekuwa akifanya kazi depo moja kule Zone Industrielle. Picha za harusi nikapewa mimi.

Baba yake Goreti hakuwepo. Alikimbilia Tanzania vita vilipoanza na tangu hapo alikuwa kambini, mkoa wa Kigoma. Alimwacha Goreti ana miaka kumi na tano. Miaka minane hawajaonana.

Alituma ombi moja tu, kupitia kwa Mama Sifa. Huyu ni mama wa Kikongomani aliyekuwa akipanda meli na vitenge vyake kwenda Kigoma, na huko alifika mpaka soko la kambini. Ombi lenyewe: nitumieni picha moja.

Moja, kwa sababu bahasha nene ilifunguliwa kwenye kila kizuizi na kuzua maswali. Nyembamba ilipita.

Wakuu, mtu mwenye akili timamu akisikia "picha moja" anatuma picha moja. Mimi nilisikia "picha moja" nikakosa usingizi wiki mbili.

Harusi ikafika, Jumamosi. Bujumbura ukitoka kanisani msafara hauingii kwenye sherehe kabla ya kwenda kupiga picha mahali pa maana. Na mahali pa maana wakati huo palikuwa jumba la zamani la mwami, yaani mfalme wetu wa zamani, lile lililo juu kilimani. Mwami mwenyewe hayupo siku nyingi. Lilibaki jumba jeupe, milango imefungwa, ngazi pana za mawe, bustani, na zamu mmoja mzee wa kulilinda.

Shida ya pale ilikuwa watalii.

Najua mtauliza: watalii gani Bujumbura wakati wa vita? Swali zuri. Watalii wa kutoka nje hawakuwepo. Ila mji ulijaa wazungu wa mashirika ya misaada, na hao walikatazwa na wakubwa wao kutoka nje ya mji. Mikoani marufuku. Ufukweni jioni marufuku. Soko kuu marufuku. Kilichobaki kwenye orodha yao kilikuwa jumba la mwami. Basi kila Jumamosi na Jumapili walipanda wote, na kofia zao, na chupa zao za maji, na kamera ambazo nilizitazama mpaka naona aibu.

Ongeza misafara ya harusi. Kwa sababu ya couvre-feu harusi zote zilikimbizana na saa, kwa hiyo misafara minne mitano ilifika pale kwa pamoja. Mabibi harusi walipanga foleni kwenye ngazi kama watu wanaosubiri mafuta ya taa.

Nikapiga. Jumanne picha zikatoka labo.

Za kanisani: Goreti analia. Zote. Alianza kulia kwenye wimbo wa kuingilia akamaliza kwenye baraka ya mwisho.

Za kwenye ngazi: Goreti anacheka, mzuri, amependeza. Ila kwenye ile moja ambayo macho ya wote wawili yako wazi, kuna mama wa kizungu mwenye kaptula ameinama anafunga kamba ya kiatu. Katikati yao kabisa. Na shela ya bibi harusi mwingine inapepea juu ya kichwa cha Aimable.

Tukakaa kwa Goreti kuzichambua.

"Hizi za kanisa apana," Goreti akasema. "Papa akiona hivi atasema wamenioza kwa nguvu."

"We ulilia kama mutu anazika," Aimable akamwambia.

"Nilikuwa nawaza Papa! Ulitaka nicheke?"

"Basi tuma hii ya ngazi. Huyu muzungu tutasema ni shangazi yangu."

Goreti alicheka mpaka akashika ubavu. "Ego, ndiyo, iko bien. Tuma hiyo, na shangazi wako wote."

Mnaona? Ilikuwa imekwisha pale. Bibi harusi ameridhika, bwana harusi ameridhika, Mama Sifa anasafiri Ijumaa mchana. Ni kuiweka kwenye bahasha tu.

Mimi ndiye niliyekataa.

Niliwaambia mzee atakuwa na picha moja ya binti yake maisha yote ya kambini, na kila akiitazama atatazamwa na makalio ya mtu asiyemjua. Niliwaambia turudie. Mchana haiwezekani, Aimable yuko kazini. Jumapili ni mbali, meli itakuwa imeshaondoka. Basi twende Alhamisi jioni giza likishaingia, hakuna mzungu, hakuna harusi, ngazi zote zetu.

"Usiku?" Goreti akauliza. "Siku hizi? Na hii vita?"

"Kabla ya saa tatu tumerudi," nikasema. Kwa confidence kabisa.

Aimable akamtazama mkewe. "Huyu hatatuacha. Twende tu, alale."

Alhamisi, pikapu ya kazini kwa Aimable ikatushusha pale juu yapata saa moja usiku. Dereva akasema anarudi saa mbili na nusu. Zamu, Mzee Laurenti, tulishakubaliana naye mchana: atufungulie geti, na mimi nimpige picha ya kitambulisho.

Goreti akabadilisha nguo nyuma ya ua, akavaa gauni na shela. Aimable suti. Nikawasimamisha kwenye ngazi.

Halafu nikaona majani.

Kwenye ngazi kulikuwa na majani makavu. Nikaanza kuyaokota. Moja moja, wakuu, kwa tochi. Nilipomaliza ngazi ya juu, upepo ulikuwa umeangusha mengine ngazi ya chini.

"Kijana," Mzee Laurenti akasema kutoka kwenye benchi lake, redio iko sikioni, "hata mwami mwenyewe hakufagiliwa hivi."

"Dakika moja tu, muzee."

"Mi sina haraka. Mi niko kazini. Wenye haraka ni hawa wanakuliwa na mbu."

Kufikia saa mbili na robo sikuwa nimepiga hata picha moja.

Sasa hapa naomba mnielewe kiufundi kidogo, nitakuwa mfupi. Flashi yangu ilikuwa ndogo, inamulika watu wawili na ngazi tatu, basi. Jumba zima linabaki giza. Lakini kitabu changu kilikuwa na ujanja. Unaweka kamera kwenye stendi, unaiacha wazi muda mrefu, watu wanasimama bila kutikisika, wewe unakimbia gizani unapiga flashi upande huu, unakimbia unapiga upande ule, unazunguka jengo lote. Picha ikitoka jumba linawaka kama mchana.

Kitabu hicho kiliandikwa na mtu ambaye kwao kulikuwa na amani.

Nikafungua kamera. Nikakimbia kushoto, flashi. Kulia, flashi. Nyuma ya mti, flashi. Pembeni mwa baraza, flashi. Moyoni nimefurahi kupita kiasi, najiona nimefika. Nikapanda juu ya ukuta mdogo unaotazama mjini, flashi.

Firimbi ikalia kutoka bondeni.

Halafu sauti za watu. Halafu risasi moja, hewani.

Bibi harusi alikuwa wa kwanza kulala chini. Watu wa Bujumbura hatufundishwi hilo, mwili unajua wenyewe. Aimable akamlalia. Mimi nikaanguka kutoka ukutani nikiwa nimeikumbatia flashi kifuani kama mtoto mchanga.

Viatu vikapanda mbio. Askari watatu. Tochi.

"Nani anapiga ma-signal hapa?"

"Apana signal, chef!" Aimable akapiga kelele, mdomo umejaa majani. "Ni picha!"

"Picha ya nini usiku?"

"Ya arusi!"

Tochi ikatembea polepole. Ikapita kwenye viatu vyangu. Ikapita kwenye benchi, Mzee Laurenti yuko chini yake, redio bado inaimba. Ikafika kwenye gauni jeupe, ikakaa hapo.

"Yoo," askari mmoja akasema. "Ni bibi arusi kweli."

"Na padri iko wapi?" Huyu alikuwa kaporali, mkubwa wao. "Mumemulaza bibi arusi kwa majani, padri iko wapi?"

Nilijitokeza, mikono juu, nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya. Nilianza na kitabu.

"Sha, nyamaza," kaporali akasema. "Unajua kule chini wamesema nini kwa radio? Wamesema adui iko juu kwa jumba, wako watu tano, wanapiga toka kila upande."

Watu watano walikuwa mimi.

Ningeweza kuwaua Goreti na Aimable. Sisemi kwa kutia chumvi. Kaporali yule angekuwa mtu wa hasira, au amelewa, nisingekuwa naandika hapa.

Lakini hakuwa mtu wa hasira. Alichukua flashi yangu. "Hii umeme yako inalala na mi." Halafu akatuambia hatushuki. Barabara imefungwa, ile pikapu imeshageuzwa huko chini, na kila poste ya askari imeambiwa kuna watu kilimani.

"Mukishuka sasa watawapiga. Mi siwezi kuita kila mutu kwa radio nimwambie bibi arusi anapita. Mutalala hapa mpaka asubui."

Kwa hiyo tulilala kwenye baraza la mwami.

Wakuu, Bujumbura ni joto, ila kule juu usiku wa manane upepo unashuka kutoka milimani na gauni la harusi si blanketi. Goreti alitetemeka mpaka meno yakagongana. Aimable alimpa koti la suti, halikutosha kitu.

Kaporali akaja akakaa kwenye ngazi.

"Sasa hii arusi ilikuwa leo?"

"Ilikuwa Jumamosi," Goreti akasema.

"Na picha ya nini tena?"

"Ya kutumia Papa."

"Papa iko wapi?"

Goreti akamtazama Aimable. Kwa wasiojua: wakati ule humwambii askari kwamba baba yako yuko kambini Tanzania. Ni kama umejieleza wewe ni nani na uko upande gani, hata kama huna upande.

"Iko Tanzania," akasema.

Kaporali akazima tochi yake.

"Miaka ngapi hamuonane?"

"Minane."

Akasimama. Akavua jaketi lake, akamwekea mabegani, akaenda kuvuta sigara getini.

Hapa ndipo mtu mwenye macho ya binadamu angesema, jambo kubwa limetokea mbele yangu. Mimi nilikuwa nawaza alfajiri mwanga utaingia upande gani.

Nao uliingia vizuri, siwafichi. Yapata saa kumi na moja na nusu kukapambazuka, jumba likatoka gizani pole pole, jeupe, ngazi ziko tupu, ziwa chini limetulia. Hakuna kaptula. Hakuna shela ya mtu mwingine. Ndiyo picha niliyokuwa naiona kichwani wiki mbili.

Nikawaamsha. Nikamuomba kaporali.

"Moja," akasema. "Moja tu. Wenzangu wanapanda saa kumi na mbili. Wakikuta bibi arusi hapa mi nitaeleza nini?"

Wakasimama kwenye ngazi. Nikatazama madirisha, sawa. Nikatazama mstari wa paa, umenyooka. Nikatazama pindo la gauni, lina tope, nikamwambia ashuke ngazi moja tope lifichwe na maua ya bustani. Goreti akageuka kwa Aimable akaona ana jani nyweleni, akacheka. Kicheko kile kile nilichokuwa nakitaka.

Akainua mkono begani kama anayetaka kutoa kitu.

"Usisogee!" nikapiga kelele. "Shusha mkono! Hapo hapo!"

Akashusha. Nikapiga. Moja.

Kaporali akanirudishia flashi, akachukua jaketi lake kwa Goreti, akalivaa. Nilimwona akilivaa, kwa macho yangu haya mawili, na sikuelewa kitu.

Saa nne asubuhi niko chumbani Carama, taa nyekundu, karatasi iko kwenye dawa. Umeme ulikuwepo, nikauona kama ishara njema. Picha ikaanza kutokea. Jumba. Ngazi. Aimable. Goreti anacheka, macho yake yamejaa uhai, nikasema kwa sauti, "Ndiyo hii."

Halafu mabegani mwake, chini ya shela, madoa.

Nikadhani dawa imeharibika. Nikamwaga, nikaosha trei, nikachanganya mpya, nikachukua karatasi nyingine. Madoa. Nikalaani karatasi, nikazichana zote mbili. Nikachukua ya tatu, ya mwisho.

Madoa, pale pale, umbo lile lile.

Doa la dawa halirudi mahali pamoja mara tatu. Nikaileta picha karibu na uso. Nikaona kola. Nikaona kifungo.

Yalikuwa mabaka. Bibi harusi alikuwa amevaa jaketi la jeshi.

Nilikaa chini sakafuni.

Fikirieni picha hiyo inakwenda wapi. Inakwenda kwenye kambi ya watu waliokimbia, na wengi wao waliwakimbia watu waliovaa mabaka kama yale. Mzee ataifungua mbele ya majirani, maana kambini picha haifunguliwi peke yako, inapita mkono kwa mkono. Watamwona binti yake kwenye jumba la mwami, asubuhi na mapema, yeye na mumewe peke yao, hakuna mgeni hata mmoja, naye amevaa jaketi la askari. Wataelewa nini? Mzee ameoza binti kwa jeshi. Na kambini mtu akishashukiwa hivyo, hakuna wa kumtetea.

Ile ya shangazi wa kizungu ilikuwepo, mezani. Ningeweza kuiweka hiyo. Nitakuwa mkweli maana nimeahidi: niliishika mkononi. Nikatazama yale makalio. Nikatazama hii nyingine, mwanga wake, ngazi zake tupu. Nikajiambia mabaka hayaonekani sana. Nikajiambia mzee macho yake yamechoka.

Nikaweka yenye jaketi. Nikalamba gundi.

Bandarini Goreti alikuwa ananisubiri na Mama Sifa, amechoka, macho mekundu.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Nacheka?"

"Unacheka."

"Nione."

"Nimeshafunga bahasha," nikasema. "Utaona nakala."

Akaipokea, akaibusu, akampa Mama Sifa. Mimi nikatazama pembeni.

Wiki zilizofuata sitaki kuzirefusha. Kula sikuli. Nikisikia mtu anataja Kigoma naondoka hapo. Goreti aliuliza nakala mara tatu, mara tatu nikasema karatasi zimeisha, na kweli zilikuwa zimeisha, lakini mnajua aina ile ya ukweli. Nikaanza kupita njia ya nyuma nisikutane naye.

Mama Sifa akarudi baada ya wiki tatu. Alikuja mlangoni kwangu kabla ya kwenda kwa Goreti.

"We mupiga picha. Kuja hapa."

Nikaenda.

"We ni mujinga, ama ulitaka kuua ule muzee?"

"Mama, nisamehe."

"Usiniombe mi. Kaa, nikuambie."

Akanieleza. Mzee aliifungua mbele ya watu, kama nilivyoogopa. Alifurahi, akapiga makofi, akaanza kuionyesha. Ikapita kwa mtu wa kwanza, wa pili. Wa tatu akauliza, "Mukwe wako ni askari?" Picha ikarudishwa kwa mzee bila mtu kuitazama tena.

"Na yeye?"

"Aliitazama. Mi niliogopa ataichoma. Akaniomba wembe."

"Wembe?"

"Wembe. Mi nauza vitenge, niko na wembe. Akaweka picha juu ya goti, akakata sura ya Goreti. Sura tu, kidogo hivi," akaonyesha kidole gumba. "Akaiweka ndani ya plastiki ya karte yake ya chakula, akanyanyua, akawaonyesha wote. Akasema, huyu ndiye mutoto wangu, ile ingine ni vitu ya Bujumbura. Wakaitazama tena. Bamama wakasema anafanana na mama yake."

Nikauliza sehemu iliyobaki iko wapi.

Mama Sifa akaitoa kwenye matiti, imekunjwa mara nne. Mzee alimwambia airudishe kwa mpiga picha, isiokotwe na mtu kule.

Nikaikunjua. Jumba lote lipo. Madirisha, mstari wa paa, ngazi zangu zilizofagiliwa jani moja moja. Aimable anatabasamu. Jaketi la mabaka. Na juu ya jaketi, tundu.

Sasa wakuu, kwenye meza yangu ya kusafishia picha kulikuwa na mkasi. Asubuhi ile yote ulikuwa karibu na kiwiko changu. Kukata haikunijia akilini hata kidogo, kwa sababu ningepoteza jumba.

Nikaenda kwa Goreti siku hiyo hiyo. Nikamwambia kila kitu, mpaka ile ya kushika picha mbili mkononi na kuchagua. Alisikiliza bila kuacha cherehani. Nilipotaja swali la yule jirani wa kambini, akaacha.

"Ulijua, ukafunga?"

"Nilijua."

"Na bandarini ukaniambia nacheka."

"Ulikuwa unacheka."

"Nyamaza kwanza."

Alikasirika kweli, na alikuwa na haki. Alisema maneno ambayo nilistahili na sitayaandika humu, mods watanifungia.

Aimable akaingia kutoka kazini, akaichukua picha, akaigeuza geuza.

"Sasa huyu papa mukwe amekata bibi yangu, mi kaniacha hapa na koti?"

"Mama Sifa anasema atakuona siku utaenda mwenyewe," nikamwambia.

"Ataniona na wembe ama bila wembe?"

Goreti akashindwa. Akacheka kwa hasira, kile kicheko mtu hakitaki lakini kinatoka. Akamnyang'anya Aimable picha. Akapitisha kidole chake kwenye lile tundu, akakichezesha upande wa pili.

"Mi siko hapa," akasema. "Mi niko kwa Papa."

Akaibandika ukutani hivyo hivyo, na tundu lake, juu ya cherehani. Kila mteja akiingia anauliza. Yeye anamwelekeza kwangu, nije nieleze mwenyewe. Nimeshaeleza sana. Nadhani ndiyo adhabu.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani nampigia mzee picha. Nilikuwa najipigia mimi, na watu wawili niliowapenda nikawalaza chini mbele ya bunduki kwa ajili ya majani makavu. Siku hizi mtu akiniambia "iko sawa, tuma," nameza mate, natuma. Inaniuma, lakini natuma. Na nikikosea namwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na meli.

Haya, uwanja ni wenu. Wapiga picha wa humu, najua mtanisema kuhusu ile flashi, semeni tu, nimejiandaa. Na wengine: nani hapa amewahi kuharibu kitu kilichokuwa tayari kimekwisha vizuri, kwa sababu ya kutaka kiwe kizuri zaidi? Andikeni hapo chini nisijione niko peke yangu.

Nabonyeza kuposti kabla sijausoma tena.